Fahamu jinsi mikondo ya maji na hali ya hewa inavyoathiri samaki wachanga katika Ziwa Victoria

Wananchi wa Geita na Chato wanaoishi kando ya Ziwa Victoria, pamoja na walaji wa dagaa na sato katika masoko ya Kahama na Shinyanga, hutegemea samaki ambao uhai wao huamuliwa katika wiki chache za mwanzo. Makala haya yanaeleza namna upepo, joto na mvua vinavyoathiri kipindi hicho.

Ziwa na matabaka yake

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Kuanzia takriban Septemba hadi Aprili, jua hupasha maji ya juu, nayo hukaa juu ya maji ya chini yenye ubaridi kidogo bila kuchanganyika kikamilifu. Katika kipindi hicho, hewa ya oksijeni hupungua sana katika maji ya kina. Ifikapo Juni hadi Agosti, pepo za kusini-mashariki na ubaridi wa kiangazi huyachanganya maji hayo. Virutubisho hupanda juu na kustawisha vijimea, ambavyo huliwa na vijidudu vya majini, navyo huwa chakula cha dagaa na cha vifaranga vya samaki.

Namna vifaranga vinavyosafiri

Mayai ya sangara huelea majini, na vifaranga vyake vikiwa bado dhaifu huchukuliwa na mikondo inayosukumwa na upepo. Vikifikishwa penye chakula, hukua. Vikipelekwa pasipo na chakula au oksijeni, hufa. Sato jike, kwa upande wake, huatamia mayai kinywani, kisha vifaranga hukimbilia maji ya kina kifupi kwenye matete na ghuba tulivu. Kwa sababu hiyo, maji yanayozunguka Kisiwa cha Rubondo mkoani Geita, kilichotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, ni mazalia muhimu ya samaki.

Athari za mabadiliko ya tabianchi

Joto linapoongezeka, matabaka ya maji huwa imara zaidi na oksijeni huchelewa kufika chini. Dhoruba ikivuma ghafla, maji ya chini yasiyo na oksijeni yanaweza kupandishwa hadi kwenye ghuba na kuua samaki wengi kwa muda mfupi. Aidha, Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki inapopata joto kuliko kawaida, kama ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2019, mvua huwa kubwa. Mvua za kipindi hicho zilichangia ziwa kufurika mwaka 2020 na kuzamisha mialo na makazi. Mvua kubwa pia husomba tope kutoka mashambani na kwenye machimbo, likafunika mazalia. Katika ukanda wa dhahabu, tope hilo linaweza kubeba zebaki ya uchenjuaji, ambayo hujilimbikiza katika miili ya samaki.

Wajibu wa mwananchi

Upepo na jua haviwezi kuzuiwa, lakini vifaranga vilivyosalimika vinaweza kulindwa. Wananchi wanakumbushwa yafuatayo:

- Kutotumia kokoro, nyavu za timba wala sumu, zana na njia zilizopigwa marufuku.
- Kutovua sangara aliye chini ya sentimita 50.
- Kutokata matete wala kulima kandokando ya ziwa ndani ya mita 60.
- Wachimbaji kutochenjua dhahabu karibu na mito, na kutoelekeza maji ya uchenjuaji kwenye vijito.
- Kutokusanya, kutokula wala kutouza samaki walioonekana wakielea wamekufa. Taarifa itolewe mara moja kwa Afisa Uvuvi au kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) cha mwalo husika, ili maji yapimwe na kubainika kama chanzo ni ukosefu wa oksijeni au sumu.

Kifaranga kinachoachwa leo kikue ndicho kitakachozaa samaki wa kesho.