Nukta Mbili Chini ya Jina

Hapa Mugutha, kabla ya bitcoin tulizijua meseji feki za M-Pesa: maneno yote sawa, ila zimetoka kwa namba ya mtu. Tukajifunza kuangalia balansi kwanza.

Mapema 2018 ujanja uleule uliwapata wateja wa Binance. Matapeli walitengeneza anwani yenye herufi n zilizo na nukta chini. Kwenye skrini, nukta hizo ni kama vumbi tu. Watu wakaandika nywila zao humo.

Mwaka huohuo Kenya ikapitisha sheria: ukitega tovuti hivyo, faini hadi shilingi 300,000, jela hadi miaka 3, au vyote viwili. Lakini sheria humfuata mwizi, pesa ishaenda. Mimi linki sibonyezi, hata ikitumwa na beshte. Anwani naiandika mwenyewe, herufi kwa herufi.