Kamera ya kwanza ya DSLR: Yajue haya kabla hujaitwa kwenye harusi

Masasi. Malipo ya korosho yakishaingia, kila mtu ana hesabu zake: bati, ada, bodaboda. Pale Chiwata, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, hakukosi kijana ambaye hesabu yake ni kamera. Amechoka kupiga kwa simu janja, ameona wenzake wanaitwa kwenye harusi na mahafali, naye anataka aanze.

Tatizo ni kwamba kamera ukishainunua haikufundishi. Harusi ya kwanza niliyopiga mimi ilikuwa ya binamu yangu. Nikarudi na picha zaidi ya 300. Gauni limeng'aa, anga limetulia, nyuso za maharusi nyeusi tii kama wamesimama gizani. Kwenye kioo kidogo cha kamera, juani, nilikuwa naona kila kitu kiko sawa. Siku ile haiwezi kurudiwa, na mpaka leo shangazi ananikumbusha.

Kilichotokea nimekuja kukielewa baadaye, na ndicho kitu cha kwanza ambacho mwenye kamera mpya anapaswa kukijua.

Kamera haijui unachopiga

Ndani ya DSLR kuna kipima mwanga. Chenyewe kinadhani kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni kitu cha wastani, si cheupe wala cheusi. Ukiweka mbele yake gauni jeupe na anga la saa sita, kinaona mwanga umezidi, kinapunguza. Gauni linapoa, lakini uso wa mtu mwenye ngozi nyeusi unazama kabisa. Kinyume chake, ukijaza uso huohuo kwenye fremu nzima, kamera itadhani kuna giza, itaongeza mwanga, na ngozi itatoka imepauka.

Dawa yake ipo kwenye kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa (+/-). Nyuma ya mtu kuna ukuta mweupe au anga? Peleka kwenye +1, piga, kuza uso kwenye kioo uangalie. Umejaza uso mweusi? Shusha kidogo. Ningepewa somo hili moja tu kabla ya ile harusi, ningelala vizuri.

Namba tatu zinazovutana

Ukitoka kwenye mpangilio wa kijani wa kujiendesha, utakutana na mambo matatu. La kwanza ni tundu la lenzi, linaloandikwa f. Namba ikiwa ndogo, kama f/1.8, tundu ni kubwa: mwanga mwingi unaingia na mandhari ya nyuma inakuwa na ukungu. Namba kubwa kama f/11, tundu dogo, kuanzia mtu mpaka mlima vyote vinaonekana vizuri.

La pili ni kasi ya shata, yaani muda ambao pazia linafunguka. Mchezaji wa sindimba anayezungusha kiuno ukimpiga kwa 1/500 ya sekunde anaganda, hata vumbi la miguuni unaliona punje punje. Mpige kwa 1/30 ukiwa umetulia, mwili unakuwa mchirizi wa mwendo. Zote ni picha, inategemea unataka kusema nini. Ila ukishika kwa mkono kamera yenye lenzi iliyovutwa mpaka 55mm, usishuke chini ya 1/100, mtikisiko wa mkono wako utaonekana.

La tatu ni ISO. Hii inapandisha nguvu ya ishara inayotoka kwenye kihisi cha kamera, na gharama yake ni chengachenga. Wengi wanaiogopa mno. Binafsi naona afadhali picha yenye chenga kuliko yenye mtikisiko. Ngoma ya mapiko ikianza jioni, wenye vinyago wameingia uwanjani na jua limeondoka, nenda ISO 3200 bila kuomba radhi.

Unaweza kujizoeza hata bila kuamini kipimo cha kamera. Kuna kanuni ya zamani ya wapigapicha wa filamu: jua kali, anga halina wingu, weka f/16 na kasi iwe moja chini ya ISO. Yaani ISO 100, kasi 1/100. Ukifungua tundu mpaka f/8, mwanga umeongezeka mara nne, basi kasi ipande mara nne, 1/400. Picha itatoka na mwanga uleule. Ifanye mara kumi uani, siku hiyohiyo utajua namba hizi zinavyovutana.

Jua la kwetu si la kwenye video za mtandaoni

Video nyingi za mafunzo zimepigwa Ulaya au Marekani, ambako jua la jioni linakaa chini muda mrefu. Huku tuko takribani nyuzi 10 na nusu kusini mwa Ikweta. Karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena kuelekea mwishoni mwa Februari, jua la mchana linapita juu ya utosi kabisa. Macho yanageuka mashimo meusi, pua inaweka kivuli kwenye midomo.

Jua kwa maeneo haya linazama takribani kati ya saa 12:10 na saa 12:55 jioni kutegemea mwezi, na likianza kushuka halichelewi. Mwanga mtamu unao kama saa moja tu. Anza kujipanga saa 11 jioni, ukifika saa 12 na dakika zake unakuta limeshaondoka. Asubuhi, kuanzia linapochomoza mpaka saa 1:30, ni vilevile, na vumbi bado limelala.

Umelazimika kupiga saa saba? Mtoe mtu juani, mweke ukingoni mwa baraza akitazama nje. Ardhi nyekundu iliyo mbele yake inarudisha mwanga usoni, bure. Mwembe mkubwa unafaa pia. Mkorosho una kivuli kizuri lakini matawi yake yapo chini, majani yanawatia watu rangi ya kijani usoni, kwa hiyo mlete mtu pembeni ya kivuli, asikae katikati.

Mandhari nayo haina uchoyo. Masasi kuna milima ya mawe iliyochomoza peke yake, Newala kuna Shimo la Mungu, ambapo unasimama ukingoni ukaliangalia bonde la Ruvuma likiishilia Msumbiji. Usipige pale saa nane mchana, utapata ukungu mweupe tu. Nenda asubuhi, au siku inayofuata mvua.

Kabla hujatoa hela

Kampuni kubwa zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani, kwa hiyo DSLR zilizotumika ni nyingi sokoni. Kwa anayeanza hii ni habari njema, lakini kuna mitego.

Wauzaji hupenda kutaja megapikseli. Waulize mambo mengine. Kwanza shata imefunguka mara ngapi: kamera nyingi za kuanzia hukadiriwa kuhimili mipigo kama 100,000. Kwa Nikon, piga picha moja, iingize kwenye tovuti au programu inayosoma taarifa za faili, namba itatokea. Canon nyingi haziiweki ndani ya picha, kwa hiyo hapo tegemea zaidi hali ya kamera yenyewe. Kisha iinue lenzi, ipenyeze tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu. Rudisha, hata kama bei ni chee.

Mtego unaowakamata wengi ni wa Nikon. Mifano ya D3000 na D5000, ikiwemo D3500 ya mwaka 2018, haina mota ya kufokasi ndani ya bodi. Ukinunua lenzi ya zamani ya AF 50mm f/1.8D kwa sababu ni rahisi, itaingia vizuri lakini utafokasi kwa mkono maisha yako yote. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Kwa Canon kama EOS 2000D, lenzi za EF na EF-S zote zinaingia na zinafokasi.

Lenzi ya kwanza huwa 18-55mm inayokuja na kamera. Itumie miezi kadhaa kwanza. Ya pili, kama utapiga watu, iwe 50mm f/1.8. Kwenye kamera hizi zenye kihisi kidogo inavuta zaidi ya jina lake, ndani ya chumba kidogo utajikuta umegota ukutani.

Na usidharau kifaa duni. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza akiwa mwanafunzi, na kamera iliyotumika ya Box Brownie, kisanduku ambacho karibu hakina cha kuzungusha. Mwaka 1963 akaanzisha Camerapix jijini Dar es Salaam, na mwaka 1984 kazi yake ya njaa ya Ethiopia ikaamsha dunia nzima.

Vumbi, mvua na memori kadi

Ukibadilisha lenzi, zima kamera, elekeza mdomo wake chini, geuka uupe upepo mgongo. Usipulize ndani kwa mdomo, mate yakitua kwenye kihisi hayatoki kirahisi. Nunua kipulizio cha mpira. Kipindi cha mvua weka kamera kwenye kontena la plastiki lenye kufunga, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele hapana, una vumbi lake.

Memori kadi feki zipo, zinaandikwa ukubwa ambao hazina. Ijaze yote nyumbani kabla ya kuipeleka kwenye kazi. Ukipiga RAW kwa kamera ya megapikseli 24, kadi ya GB 32 inachukua takribani picha 1,000.

Omba kwanza

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiwa na kamera ya kupigia picha, ya filamu na mashine ya kurekodi sauti. Wengi waliopigwa hawakuwahi kuziona picha zao, ziliishia makumbusho ya Leipzig na kwenye kitabu chake cha 1908. Wewe unaishi na unaowapiga, huna sababu ya kufanya hivyo.

Mzee akiwa barazani anachonga, anza na shikamoo, kaa, ongea, kamera ikiwa begani. Akikubali, mwonyeshe picha, ikiwezekana mletee iliyochapishwa. Unyago na jando vina sehemu ambazo si za macho ya kila mtu. Mpaka wapi unaruhusiwa, watakuambia wenye ngoma, na wakisema hapana, funika lenzi. Za watoto usizirushe mtandaoni bila wazazi kujua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na picha inayomtambulisha mtu nayo ni taarifa yake.

Kwa wanaouliza kama nilipata harusi nyingine: ndiyo, ya dada wa yuleyule binamu. Niliipiga bure, saa 11 jioni, kitufe kikiwa kwenye +1. Shangazi amechapisha picha mbili, ameziweka sebuleni. Ile ya kwanza bado anaitaja.