Nyali, Mayoni na Ramani ya Maduka

Mtaa wa biashara uliopangwa ni ule ambao maduka, ofisi, maegesho na barabara zake zilichorwa kabla ya mteja wa kwanza kufika. Marekani ina mifano mingi, na ulio maarufu miongoni mwa ile ya pwani ni Newport Center, katika mji wa Newport Beach, California. Katikati yake pana Fashion Island, maduka yaliyofunguliwa mwaka 1967 yakitazamana na Bahari ya Pasifiki. Barabara ya mviringo imeyazunguka, na kandokando yake zimepangwa ofisi za ghorofa na hoteli. Mtu huacha gari, hutembea kwa miguu kati ya duka na duka, kisha huondoka kwa barabara ileile ya mviringo.

Wageni husifu usanifu. Mimi naona siri ya mpango huo iko kwenye hatimiliki. Eneo lote hilo lilikuwa sehemu ya ranchi ya ng'ombe na kondoo ya familia ya Irvine, iliyokuwa na ekari zaidi ya 90,000. Ardhi ilipoanza kugeuzwa kuwa mji katika miaka ya 1960, msanifu William Pereira alikuwa na mwenye ardhi mmoja tu wa kumshawishi, nayo ni kampuni ya Irvine. Hakukuwa na jirani wa kukataa barabara isipite kwake, wala mrithi wa tatu aliyeko mjini ambaye sahihi yake inasubiriwa.

Kwetu Kenya, sehemu inayokaribiana zaidi na hiyo ni Nyali, bara ya kaskazini ya Mombasa. Mkondo wa Tudor unaitenga na kisiwa, na mashariki yake ni Bahari ya Hindi. Kabla ya watu wa fedha kujenga huko, Nyali ilikuwa shamba la katani. Historia yake ya zamani zaidi ni ya misheni. Kaburi la Rosine, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, liko huko tangu 1844, na mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana walianzisha Frere Town jirani yake kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Lakini kilichoifanya Nyali iwe mtaa wa mji ni daraja.

Daraja la kwanza lilikamilika mwaka 1931. Lilielea juu ya maboya, na lilijengwa na kampuni ya Nyali Limited, ambayo ilikuwa na haki ya kutoza ushuru kwa kila avukaye. Tazama hesabu ya kampuni hiyo: bila daraja, shamba lake lingebaki shamba; kwa daraja, kila ekari iligeuka kuwa ploti yenye bei. Ushuru huohuo ulizua kesi iliyofika Mahakama ya Rufani ya London. Mabishano yalikuwa kuhusu magari ya jeshi: je, askari wa Malkia wanapaswa kulipa? Hukumu ya 1955 imebaki maarufu kwa wanasheria wa Afrika Mashariki kwa sababu Jaji Denning alieleza humo kuwa sheria ya Kiingereza haihamishiki Kenya kama ilivyo; sharti irekebishwe ilingane na hali ya watu wa huko. Mawakili wengi wanaoinukuu hawakumbuki kwamba chanzo chake kilikuwa ushuru wa daraja.

Daraja la sasa, la zege, lilifunguliwa mwaka 1980. Lina urefu wa karibu mita 390 na njia sita za magari. Kuanzia hapo Nyali haikuwa tena mahali pa kwenda kupunga upepo Jumapili. Ilikuwa makazi ya watu waliofanya kazi kisiwani, na pesa zao zikavuta maduka: kando ya barabara ya Links, kwenye Nyali Centre penye sinema, na baadaye City Mall kwenye barabara ya Malindi.

City Mall inafundisha jinsi jengo la maduka linavyoendeshwa. Mwenye jengo hutafuta kwanza mpangaji mkuu, kwa kawaida supamaketi, na humpa kodi nafuu kwa kila futi ya mraba kwa kuwa ndiye anayeleta watu. Maduka madogo ya nguo, viatu na simu hulipa kodi ya juu zaidi kwa sababu yanaishi kwa wapita njia wa supamaketi. Juu ya kodi kuna ada ya huduma: ulinzi, usafi, jenereta, taa za maegesho. Mpangaji mkuu akianguka, wadogo hutetereka pamoja naye. Supamaketi ya Nakumatt, iliyokuwa mpangaji mkuu wa City Mall, ilizama katika madeni kuanzia 2017 hadi wadai walipoamua mwaka 2020 ifungwe kabisa. Shoprite ya Afrika Kusini ilichukua nafasi Nyali, ikadumu muda mfupi, kisha ikaondoka Kenya yote. Carrefour, inayoendeshwa na kampuni ya Dubai, ikafuata. Majina ya mlangoni yalibadilika huku jengo likibaki pale pale.

Hata hivyo Nyali haikufika kiwango cha Newport. Shamba lile liliuzwa vipande vipande, na kila mnunuzi alijenga atakavyo. Ploti za nyumba moja yenye bustani zimebadilishwa matumizi, zikawa ghorofa, ofisi na hospitali, huku barabara na mifereji ikibaki ileile iliyokusudiwa familia chache. Mvua za masika zikinyesha, tofauti hiyo huonekana barabarani.

Vuka kidogo kuelekea Kisauni na Kongowea uone jambo jingine. Sheria ya Hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wathibitishe madai yao ya ardhi. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Wenye vyeti wakawa wachache, wakaaji wakawa wengi. Hadi leo sehemu kubwa ya Mombasa ina nyumba zisizo na ardhi: kuta na paa ni za mtu, kiwanja ni cha mwingine, na kodi ya kiwanja hulipwa. Soko la Kongowea, linalopokea malori ya vitunguu, nyanya na mitumba, linalisha pwani nzima, na akina mama wanaouza rejareja Nyali hununua huko alfajiri.

Sasa twende Mayoni, katika eneo bunge la Matungu, Kaunti ya Kakamega, kwenye barabara itokayo Mumias kuelekea Bungoma. Huko nako zao kuu la biashara lilikuwa moja, yaani miwa. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971 na kiwanda kikaanza kusaga 1973. Tofauti na katani ya Nyali, miwa mingi ilikuwa ya wakulima wadogo: mkulima alibaki na shamba lake, kampuni ikamlimia na kumpa mbolea, kisha gharama ikakatwa kwenye malipo. Malipo yalikuja kwa mkupuo baada ya mwaka mmoja na nusu au zaidi, kwa hiyo duka la senta liliishi kwa daftari la mikopo. Mumias ilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, madaftari hayo yaliumia.

Ardhi ya huko imegawanywa kwa wana na wajukuu. Anayetaka kuanzisha jengo la maduka hana Irvine wa kuzungumza naye. Ana familia kumi na mpaka wa miti. Basi senta za aina hii hukua kwa kufuata lami: safu ya maduka yenye baraza, wakala wa M-Pesa, duka la pembejeo, kinu cha posho, fundi wa kuchomelea, na bodaboda wakisubiri penye kivuli. Wengi husogea hadi kwenye hifadhi ya barabara, wakingoja alama ya X nyekundu ya kubomolewa ukutani.

Lakini mwenye duka dogo wa huko ana kinga ambayo wa City Mall huikosa. Sheria ya Kenya kuhusu wapangaji wa maduka, Sura ya 301, inamlinda anayepanga bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka mitano: kodi yake haipandishwi wala hafukuzwi bila ilani rasmi, na akipinga, shauri huenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Ndiyo sababu wenye majengo makubwa huandika mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu, au ya miaka sita kamili. Muda huo wa ziada humtoa mpangaji chini ya mwavuli wa baraza.