Mbwa Asiye na Ukoo

Mbwa ambaye asili yake haijulikani tunamwita koko. Walowezi wa Kenya, wakati wa ukoloni, waliokota neno letu jingine wakamwita mbwa wa "shenzi". Neno hilo lilikuwa limekwisha kutumiwa kuwadharau watu wa bara kabla ya kufikishwa kwa mbwa wao. Kosa la mbwa huyo lilikuwa moja tu: hakuwa na karatasi ya kuonyesha alikotoka.

Mimi ninaye mbwa wa namna hiyo. Nilimchukua katika kituo kimoja cha kuokoa wanyama jijini Nairobi, akiwa na umri wa kama miezi miwili. Ana rangi ya udongo mwekundu na kifua cheupe, sikio moja limesimama na la pili limelala. Kwenye kadi yake ya chanjo pana mstari wa kujaza "aina", na daktari wa mifugo aliuacha wazi. Wageni wangu hawakukubali uachwe wazi. Mmoja alimwona kuwa na damu ya mbwa wa polisi, mwingine akasema ni mbwa wa kuwinda, na wa tatu akakata shauri: "Huyu ni koko tu."

Ndugu msomaji, swali hili la aina si la kale kama tunavyodhani. Mbwa ameishi na binadamu kwa zaidi ya miaka 14,000. Muda mrefu katika hiyo alijulikana kwa kazi yake: kulinda, kuwinda au kuchunga. Maonyesho ya mbwa yalifanyika Newcastle, Uingereza, mwaka 1859, na mwaka 1873 ikaundwa Kennel Club mjini London. Tangu hapo ukoo wa mbwa ukaandikwa vitabuni, na vitabu vikafungwa: asiyezaliwa na walioandikwa hakuandikwa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa mbwa aitwaye Basenji. Huyu alikuwa mbwa wa vijijini huko Kongo, mwenye mkia uliojikunja, asiyebweka kama wenzake. Jina lake ni ndugu wa lile neno letu "washenzi". Katika miaka ya 1930 Waingereza walimvusha bahari wakamwonyesha London, na katika miaka ya 1940 Wamarekani nao wakamwandika kitabuni. Mbwa alikuwa yule yule, ila sasa alikuwa na karatasi, na bei yake ikapanda.

Lakini mbwa walioanzisha ukoo huo ng'ambo walikuwa wachache mno. Kwa kuzaana wao kwa wao, maradhi ya kurithi yakaenea, yakiwamo ya figo. Mwaka 1990 Wamarekani walilazimika kukifungua kitabu chao na kuwaingiza mbwa 14 waliotoka Zaire, kama ilivyoitwa wakati huo. Mwenye karatasi aliokolewa na ndugu yake aliyebaki kijijini bila karatasi.

Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa chembe za urithi za mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia. Ulionyesha kuwa wengi wao si mchanganyiko wa mbwa wa kizungu waliopotea njia, bali ni wenyeji, wenye asili yao wenyewe. Mbwa wangu, kwa kuwa ni wa mjini, huenda amechanganya. Hata hivyo sioni tena kwamba anapungukiwa na kitu.

Dharau hii ina gharama yake. Katika nyumba nyingi mbwa aliyenunuliwa kwa bei kubwa hupelekwa kuchanjwa, na koko huachwa kwa sababu ni koko. Kichaa cha mbwa hakisomi karatasi. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo huwa wameambukizwa na mbwa, na watoto wengi wamo miongoni mwao. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa mahali fulani, ugonjwa hukatika hapo. Idadi hiyo haiwezi kupatikana kwa kuwachanja mbwa wenye ukoo peke yao, kwa maana mbwa wetu walio wengi hawana ukoo ulioandikwa.