Programu huria na sheria za usalama wa mtandao

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Katika vituo vya afya vya Upanga na Kariakoo, kama kwingineko Tanzania, wagonjwa huandikwa kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kisha jumla za mwezi huingizwa kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, ikiwa na mchango wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leseni yake hailipiwi.

Kuhusu usalama wa programu kama hiyo, sheria za Tanzania zimeelekezwa zaidi kwa mtumiaji na kifaa kuliko kwa mwandishi wa programu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawabebesha dhima wakusanyaji na wachakataji. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia Juni 2016, iliangalia namba za IMEI zinazotambulisha kila simu. Inayogusa programu yenyewe ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayokataza kumiliki isivyo halali programu iliyobuniwa kutenda kosa. Hapo pana utata: zana huria kama Nmap, ya kukagua mitandao, humfaa mlinzi wa mfumo na mvamizi vilevile, na mafundi wa usalama wanastahili kinga iliyoandikwa bayana.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi. Rasimu ya Septemba 2022 ya sheria yake ya usalama wa bidhaa za kidijitali iliwatia hofu wanaojitolea, kwamba anayegawa msimbo bure angebanwa kama kiwanda. Taasisi za programu huria, Eclipse Foundation ikiwemo, zilipinga, na zilikuwa na haki. Sheria yenyewe, iliyopata nguvu ya kisheria 10 Desemba 2024, inaacha nje msimbo usio wa kibiashara, na taasisi zinazosimamia miradi huria zimepewa wajibu mwepesi usio na faini. Mzigo uko kwa muuzaji: akigundua tundu la usalama katika kijenzi huria alichotumia, lazima awaarifu wanaokitunza, na akiliziba awape marekebisho yake. Huo ndio uamuzi bora katika sheria nzima.

Hivyo kijana wa Upanga anayetuma marekebisho bure habanwi. Kampuni jirani yake ikiuza programu Ulaya, kuanzia 11 Desemba 2027 itatakiwa kuwa na orodha ya vijenzi vyake na kutoa masasisho ya usalama, kwa kawaida kwa miaka isiyopungua 5, hata kama msimbo mwingi iliuchukua bure.