Nunua Mwanga Kwanza: Historia ya Kamera, Familia na Samaki

Leo tuziache kidogo hifadhidata na Linux, tuzungumzie kamera. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitafuta kamera ya kufanya kazi mbili tu: kumpiga picha binti yangu na jamaa wanaotutembelea hapa Umoja, na kuwapiga picha samaki walio katika tangi langu la kioo la lita 200. Kila muuzaji niliyemwuliza alianza na megapikseli. Mimi kabla ya kufungua mfuko hupenda kujua kitu kimetoka wapi, kwa hiyo nikaanza kusoma historia. Historia ikanipa jibu ambalo dukani sikulisikia: nunua mwanga kwanza, lenzi ya pili, kamera yenyewe mwisho.

Tuanze na nyumba zetu, maana humo ndimo picha zinapigwa. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mtaa wa Waafrika, na mitaa mingi iliyofuata huku Eastlands ilipangwa kwa kumfikiria mwanamume mmoja aliyekuja mjini kutafuta kazi. Mke na watoto hawakuwa katika hesabu. Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, ni kati ya mitaa ya kwanza iliyopangwa kwa ajili ya familia. Buruburu, Umoja na Dandora vikaja miaka ya 1970, Dandora ikiwa na fedha za Benki ya Dunia. Mpaka leo wengi wetu tunaishi katika vyumba vya mita 3 kwa 3, dirisha moja, na jengo la jirani limesimama mbele ya dirisha hilo. Mwanga ni haba saa sita mchana, sembuse jioni.

Serikali ya kikoloni nayo haikuhitaji sura ya mkazi wa mitaa hiyo. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Vidole vilitosha. Aliyetaka kuonekana uso wake, auone mama yake kule mashambani, alijipeleka studio mwenyewe kwa pesa zake.

Studio zilikuwako. Upigaji picha ulitangazwa rasmi Paris mwaka 1839, na kabla ya karne ile kwisha A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa, alikuwa akipiga picha Zanzibar. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini humo, na baadaye mwanawe Rohit akaiendeleza. Mombasa alikuwako N. V. Parekh. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyeunganisha vipande vya picha mbalimbali kuwa picha moja miaka mingi kabla Photoshop haijauzwa mwaka 1990! Mimi niliyesomea kompyuta navua kofia.

Sasa jiulize, mabwana hawa walikuwa na nini ambacho mimi na wewe hatuna? Kamera zao zilikuwa sanduku tu ukilinganisha na simu iliyo mfukoni mwako. Hazikulenga zenyewe wala kupima mwanga zenyewe. Utajiri wao ulikuwa taa. Picha za Parekh zinajulikana kwa mwanga uliopangwa kwa makini, mteja wa kawaida akatoka studio akifanana na mwigizaji wa sinema. Taa iliwekwa kando, kivuli kikalainishwa, na mteja akaambiwa ageuze kidevu. Ustadi wenyewe ulikuwa hapo.

Huku kwetu mpiga picha alitufuata mwenyewe. Jumapili baada ya ibada alikuja na kamera ya filamu shingoni, tukajipanga mbele ya ua la michongoma au gari la jirani, tukalipa nusu, na juma lililofuata akarudi na bahasha. Nje palikuwa na jua na picha zilitoka vizuri. Shida ilianza alipoitwa ndani. Alifunga flashi juu ya kamera na kuielekeza moja kwa moja usoni. Katika albamu ya mama kuna picha ya shosho akiwa sebuleni Makadara. Kitambaa chake cheupe cha kichwa kinang'aa mpaka unaweza kuhesabu nyuzi. Uso wake ni weusi mtupu wenye nuru mbili za macho. Ndiyo picha pekee ya shosho tuliyo nayo, na binti yangu akiuliza alifananaje, tunabaki kusimulia kwa maneno.

Si haki kumlaumu mpiga picha peke yake. Flashi inayotoka mbele hufuta vivuli vinavyochora pua na mashavu, na kitambaa cheupe hurudisha mwanga mwingi kuliko uso. Lakini liko jambo jingine kubwa zaidi. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilisambaza kwa maabara za kusafisha picha kadi ya kupimia rangi iliyoitwa Shirley, yenye picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine imewekwa sawa. Ngozi nyingine zote zikapimwa kwa Shirley. Waliolalamika wakasikilizwa, unajua ni nani? Watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao hawakuweza kutofautisha rangi za bidhaa zao katika matangazo! Kodak ikaanza kuiboresha filamu yake, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zikaja kuenea miaka ya 1990.

Sisi waandishi wa programu tunalijua kosa la aina hii. Ukiijaribu programu kwa data ya aina moja, itafanya kazi kwa watu wa aina hiyo. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu tatu za kutambua jinsia kwa kuangalia uso: kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1, kwa wanawake weusi yalifika hadi asilimia 34.7. Ni Shirley yule yule, amehamia kwenye kompyuta. Tangu mwaka 2021 Google imekuwa ikitangaza simu zake za Pixel kuwa zinaonyesha ngozi nyeusi vyema zaidi, na hilo ni jema. Lakini hakuna programu inayoweza kurudisha undani wa uso ambao mwanga haukuufikia. Data isiyoingia haipo.

Na samaki je? Utashangaa, kisa chao ni hicho hicho. Mfaransa Louis Boutan alipopiga picha chini ya bahari mwaka 1893, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kutafuta taa, akafikia kuchoma magnesiamu juu ya pipa la hewa. Mwaka 1926 William Longley na Charles Martin walipiga huko Florida picha za kwanza za rangi chini ya maji. Ziliangazwa kwa unga wa magnesiamu uliolipuliwa juu ya chelezo, na National Geographic ikazichapisha Januari 1927. Kisha kuanzia mwaka 1931 Harold Edgerton wa chuo cha MIT akatengeneza flashi ya umeme inayowaka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde na kuwaka tena, na miaka ya 1950 akaipeleka baharini pamoja na Jacques Cousteau. Flashi unayonunua leo ni mjukuu wa ile ya Edgerton.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ya Ziwa Victoria. Ziwa lile lilikuwa na spishi zipatazo 500 za samaki wadogo wanaoitwa furu, wengi wao wasiopatikana kwingine duniani. Sangara, ambaye Wakenya tunamwita mbuta, aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na akaongezeka kwa kishindo miaka ya 1980. Wataalamu wanakadiria kuwa spishi zipatazo 200 zilitoweka. Watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walikuwa wakifanya kazi Mwanza tangu mwaka 1977, na wakashuhudia yote yakitokea.

Hapa sasa ndipo picha inapoingia. Furu wengi wana umbo linalofanana, na dume hutambulika hasa kwa rangi. Samaki akifa rangi huanza kuondoka, na ukimtia katika fomalini unabaki na kitu cha rangi ya majani makavu. Kwa hiyo njia ya kuzihifadhi rangi ni kumweka akiwa hai katika kitangi chembamba cha kioo, kumwangaza, na kumpiga picha papo hapo. Spishi ambayo haikupata bahati hiyo imebaki mwili uliofifia ndani ya chupa ya makumbusho.

Tena mwanga ndio uliowatunza furu wenyewe. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza katika jarida la Science kwamba majike huchagua madume kwa rangi. Maji yanapochafuka na mwanga kupungua, jike hawezi kutofautisha dume mwekundu na wa buluu, spishi zinachanganyika, na zilizokuwa mbili zinakuwa moja. Samaki niliye naye mimi ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Ubavuni ana manjano na milia myeusi, na mgongoni ni mwekundu kama pilipili. Chini ya taa hafifu wekundu huo unageuka kahawia. Mpige flashi kutoka juu, utaona kwa nini jike alimchagua.

Basi tufike dukani. Kama ungekuwa na shilingi 10, mimi ningezigawa hivi: 4 lenzi, 3 flashi, 3 kamera.

Flashi: chukua yenye kichwa kinachogeuka, na kichocheo cha redio ili uitenge na kamera. Za Godox au Yongnuo zinatosha. Chumbani igeuze ielekee dari nyeupe au ukuta. Kama dari ni mabati au mbao nyeusi, tundika shuka jeupe kando na uielekeze huko. Umepata dirisha la pili ambalo mjenzi hakukupa. Kwenye tangi iweke juu, ikimulika chini kupitia kifuniko cha kioo. Kutoka mita 1 hadi mita 3 mwanga unapungua mara 9, lakini hapa flashi iko karibu sana, kwa hiyo nguvu ndogo inatosha, na nguvu ikiwa ndogo mwako unakuwa mfupi zaidi. Samaki anagandishwa akipiga mkia.

Tahadhari moja: flashi za zamani kama Vivitar 283 za kwanza zinauzwa bei ya kutupa, lakini nyingine hupeleka zaidi ya volti 200 kwenye kamera na kuiunguza. Pima kwanza kwa mita ya fundi wa umeme.

Lenzi: watu wengi hukushauri milimita 50, f/1.8. Ni nzuri, lakini tupige hesabu. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi chenye upana wa karibu milimita 24. Ukisimama mita 3 kutoka kwa jamaa zako, lenzi ya 50 inaona upana wa mita 1.4 tu, watu wawili wakibanana. Lenzi ya 35 inaona mita 2, na ya 24 inaona mita 3. Kwa sebule ya Eastlands chukua 35 f/1.8 au 24 f/2.8. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 kuliko ile ya kawaida iliyovutwa hadi f/5.6.

Kwa samaki utahitaji lenzi ya makro, milimita 60 hivi. Safisha kioo, zima taa ya chumba, sogeza lenzi karibu na kioo na uishike ikiwa imenyooka. Ukipiga kwa pembe, kioo na maji vinapinda mwanga na jicho la samaki linatoka na ukungu. Anza na f/8, 1/160 ya sekunde, ISO 200.

Kamera: yoyote ya Nikon au Canon iliyotumika, ya miaka ya 2010, itafaa. Angalia mambo mawili. Nikon za daraja la chini, zile za D3000 na D5000 na ndugu zao, hazina mota ndani, kwa hiyo lenzi za zamani za AF-D hazitajilenga. Nayo Canon 250D ya mwaka 2019 haina pini ya kati juu yake, na flashi nyingi za bei nafuu hazitawaka. Muuzaji hatakutajia. Nenda na flashi yako mkononi, ijaribu kabla ya kulipa.

Kisha piga. Anza na wazee, kabla ya watoto na kabla ya samaki. Watoto wapo kesho, na samaki ninaweza kununua wengine. Mkalishe shosho karibu na ukuta mweupe, geuzia flashi ukuta huo, na upime mwanga kwenye uso wake, usiupime kwenye kitambaa.