Tembe: Nyumba Iliyokuwa Ukuta

Mahali pengi ukuta wa mpaka hujengwa baada ya nyumba na kuizunguka, lakini kwa Wagogo wa uwanda wa kati wa Tanzania nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa ukuta. Tembe, yaani jengo refu la kimo kifupi lenye paa bapa la udongo, lilizunguka ua wa pembe nne ambamo ng'ombe walilala usiku, na kwa kuwa milango ya vyumba ilielekea uani, mpita njia aliyetazama kwa nje aliona kiambaza kitupu na lango lililozibwa kwa magogo jua lilipotua.

Kiambaza ni ukuta wa miti iliyosimikwa wima, ikafungwa fito na kukandikwa udongo. Hata hivyo uzito wa paa ulibebwa hasa na nguzo za panda, ambazo juu yake yalilazwa magogo, juu ya magogo fito na matawi, na juu ya yote tabaka nene la udongo ulioshindiliwa. Paa la namna hiyo lingeyeyuka Pwani kwa masika moja tu, ila Dodoma mvua ya mwaka ni kama milimita 600, tena karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki paa lilikuwa uwanja wa kuanikia mtama. Ndani palikuwa na giza, moshi na vilindo vya nafaka, na mtu mrefu aliingia kwa kuinama.

Wageni waliocheka ufupi wa tembe hawakuzingatia sababu yake. Wavamizi wa Kimasai na wa Kihehe walifuata ng'ombe, na kijinga cha moto kinachoteketeza nyumba ya nyasi hakifui dafu mbele ya paa la udongo. Msafiri Mwingereza Burton alipovuka Ugogo mwaka 1857, katika njia ambayo misafara iliwalipa watemi hongo, yaani ushuru wa kupita na kupata maji, ujenzi huu ulikuwa umekwisha kukita mizizi, na jina lake lilifika hata Kwihara, karibu na Tabora, ambako nyumba waliyokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872 huitwa tembe hadi leo.

Wajerumani walileta ukuta wa aina nyingine huko Mpwapwa na Kilimatinde, nao ukaitwa boma, neno ambalo maana yake ilihama kutoka uzio wa mifugo hadi ngome, na kutoka ngome hadi ofisi ya wilaya. Pigo kubwa zaidi kwa tembe, hata hivyo, lilitokana na Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, iliyowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa na kuhimiza nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari. Nyumba iliyosimama peke yake kwenye mstari haina ua wa kuuzunguka, kwa hiyo ng'ombe, waliokuwa wakilala katikati ya vyumba vya wenyewe, walihitaji sasa zizi lao la miiba, mbali na mlango.